Namba Moja, Vifua Viwili

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usijali, mikosi yangu ina nafasi ya kila mtu. Kwa ufupi: nilifukuzwa saluni kwa kumuunguza mteja nywele. Nikapata kibarua kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi ya kukata. Nikapata na mchumba, fundi pikipiki, mpole, mikono imejaa grisi lakini moyo hauna doa. Na niliishia pale sebuleni kwao, mama yake aliponitazama juu ya miwani akaniuliza kama mimi hukimbia.

Nikasema hukimbia sana.

Wenzangu, mimi hukimbia nikiona mvua. Lakini ile familia ni ya mbio, na mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa na sharti lake moja. Mwanamke anayetaka kuolewa na mwanawe akimbie kwanza na yeye mama nusu marathoni ya mji, ndipo tarehe ya harusi itajwe. Alisema barabarani ndiko tabia ya mtu inakojulikana. Mchumba wangu akasema mama anatania. Mama akasema hatanii.

Basi nikaanza mazoezi. Nilikimbia asubuhi mpaka mbwa wa mtaa wakanizoea, wakaacha hata kubweka. Mwanzoni nilikuwa nahema kabla sijafika kwenye duka la kona. Baadaye nikawa nalipita duka, nalipita soko, nafika kiwanda cha matofali na kurudi, na bado nina pumzi ya kumpigia mchumba simu nijisifu.

Kukimbia nikaweza. Kujisajili ndiko kulikonishinda.

Nilijivuta, nikasema kesho, nikasema mwisho wa wiki, na siku niliyokwenda dada wa dirisha la usajili akaniambia nafasi zimejaa, nije mwakani. Nikamwomba, nikamsifia kucha, nikamwambia mimi ni mwembamba, sichukui nafasi kubwa. Akacheka vizuri tu, akafunga dirisha. Mwakani ni mbali, na mchumba kama yule hakai dukani akisubiri mwakani.

Jioni mama mkwe akapiga simu kuniuliza kama nimeshajisajili.

"Zamani, mama," nikajibu.

Sasa sikilizeni shetani alivyo na adabu, hakunisumbua kwenda mbali. Namba za mbio zile zilikuwa zinachapwa kwetu, kiwandani. Zikitoka kwenye mashine zinakuja kwangu nizikate. Zile zilizotoka vibaya, wino umechuruzika au maandishi yamepinda, zinatupwa kwenye gunia pembeni. Na juu kabisa ya gunia, imenitumbulia macho, nikaiona 417. Kosa lake lilikuwa dogo, wino umemwagika kidogo kwenye mguu wa ile saba.

Nikamuuliza mtu wa mashine, tunayemwita Rola, namba zikiharibika huwa mnazifanyaje. Akasema zinatupwa.

Alinijibu ukweli, ila nusu yake. Mimi nilikuwa mgeni wa kazi na macho yangu yako kwenye kisu. Sikujua kwamba kila namba inayoharibika huchapwa upya palepale, na ile mpya huenda kwa mwenyewe. Mimi niliamini 417 imekufa, haina mtu, ni yatima. Nikaiambia kimoyomoyo, njoo kwa mama. Nikaufuta ule wino kwa spiriti, nikaikunja, nikatoka nayo getini ndani ya sidiria.

Na nilijiona mwema kabisa. Sikumnyang'anya mtu nafasi yake, nilikuwa nimeokota takataka.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mchumba wangu akanivalisha jaketi lake la gereji, lile lenye doa kubwa la oili kwenye mkono wa kushoto, akaniambia atanisubiri kwenye utepe wa mwisho na maji ya kunywa. Namba nilikuwa nimeshaibana kwa pini kwenye fulana, chini ya jaketi. Nilijisikia mkimbiaji kweli. Nilirukaruka kama niliowaona wanarukaruka, nikanyoosha miguu kama niliowaona wananyoosha.

Mama mkwe akaja. Akanikagua viatu, akanikagua kamba za viatu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua sweta lake.

Kifuani kwake kulikuwa na 417. Safi, imenyooka, na saba yake ina mguu mzuri.

Roho ilinitoka, ikazunguka uwanja, ikarudi.

"Mbona huvui jaketi?" akaniuliza.

Nikamwambia nina baridi. Akataka kujua namba yangu iko wapi. Nikamwambia iko ndani, naikinga na umande. Alinitazama kwa muda, nikaona swali la tatu linapanda kooni mwake, na hapo hapo bastola ikalia. Sijawahi kuupenda mlio wa bastola kama siku ile.

Nilitimua mbio. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu, kukaa mbali na mama mkwe, na kwa kuwa yeye alikuwa nyuma, mbali kulikuwa mbele. Walimu wote wa riadha wangejua hofu inavyofundisha, wangeajiri wakwe.

Na nitasema ukweli, nilifurahi. Najua sikustahili, lakini nilifurahi. Watu wamejaa pembeni wanapiga makofi, hawajui mimi ni nani wala namba yangu imetoka gunia gani, na makofi ni makofi. Miguu ilikuwa miepesi. Nilimpungia mkono kila aliyenipungia, na wengine ambao hawakunipungia.

Kwenye mteremko nikafuatana na jamaa mmoja mwenye kaptula ya njano, kifua kitupu, hana namba hata ya uongo. Nikamuuliza kama yeye amejisajili. Akasema yeye hajisajili wala hajawahi, barabara ni ya umma na hewa anayovuta ni ya Mungu, kwa nini aombe ruhusa. Nikaona ana hoja. Nikajisikia nafuu, nikawaza, kumbe hakuna ninayemdhuru. Kisha tukafika kwenye meza ya maji, akachukua chupa tatu zilizobaki, moja akanywa, moja akajimwagia kichwani, na moja akaitia mfukoni. Dada aliyekuwa nyuma yetu, namba halali kifuani, akakuta meza tupu.

Mimi nilikuwa nimekula kiapo kwamba maji yao sitayagusa, kwa sababu si yangu. Kiapo kile kilidumu mpaka meza iliyofuata. Nilikunywa glasi mbili, huku naona haya.

Kwa maana jua lilikuwa limetoka, wenzangu, na mimi nimo ndani ya jaketi la gereji lililofungwa zipu mpaka kidevuni. Jasho lilikuwa linaingia kwenye viatu. Watu wa pembeni waliacha kunishangilia, wakaanza kunihurumia.

Njiani kulikuwa na vituo, na kila kituo kina msimamizi mwenye kamera, anapiga picha namba zinazopita ili ijulikane kila mtu amekimbia njia nzima. Kituo cha kwanza nilijificha nyuma ya baba mmoja mnene, nikapita. Cha pili nikapita katikati ya kundi la wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wanaimba. Cha tatu kiko kule mbali, nyuma ya maghala, na nilipofika sikuwa na baba mnene wala wauguzi. Nilikuwa peke yangu, na msimamizi amesimama katikati ya barabara na filimbi mdomoni.

"Dada, namba. La sivyo utoke barabarani."

Nikainama, kofia ya jaketi ikanifunika uso, nikafungua zipu nusu. Kamera ikalia. Nikafunga zipu, nikaondoka, najipongeza kwamba uso wangu haukuonekana. Ningejua picha ile itanifanya nini, ningetoka barabarani nikaenda kwetu kwa miguu.

Basi nikakimbia, nikaukaribia uwanja, nimechoka lakini nina raha. Na mbele yangu, kama mtu aliyeamka sasa hivi na kunawa uso, nikamwona mama mkwe.

Nikadhani joto limenipanda kichwani. Mama alikuwa nyuma yangu tangu bastola ilipolia, na hakuna mwanamke wa umri wake aliyenipita. Nikafumba macho, nikafumbua. Ni yeye. Anakimbia kwa madaha, mabega yamelegea, na hajatoka jasho la kutosha kulowesha leso.

Spika zikaanza kupiga kelele. Mshindi wa akina mama wa miaka hamsini na zaidi, kwa mara nyingine tena, namba mia nne kumi na saba!

Mimi sikuukanyaga mstari wa mwisho. Nilipita chini ya kamba kabla ya utepe, nikajichanganya na watazamaji. Mchumba wangu hakuwepo. Akaja baadaye kidogo, anahema, maji aliyonishikia yamepata moto, akanibusu paji la uso akaniambia nimefanya vizuri. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema foleni ya kuegesha.

Mama mkwe alikuwa tayari jukwaani, kikombe mkononi, na mimi nimeshaanza kuona kitambaa cha harusi, wakati mkunga alipofika.

Huyu mkunga amestaafu, lakini nusu ya mji amewapokea yeye mikononi, kwa hiyo akitembea watu humpisha. Na kila mwaka katika mbio zile huwa wa pili, nyuma ya mama mkwe. Siku hiyo alikuja bado anahema, fulana imemganda mgongoni, akamwendea mwamuzi mkuu. Hakupaza sauti. Alisema tangu kituo cha pili alikuwa yeye mbele, alikuwa anageuka kila kona kutazama nyuma, na mwenzake hakumpita. Akaomba waangalie picha za kituo cha tatu.

Nilimwona mama mkwe akikibana kikombe kwapani. Rangi ilimtoka usoni.

Mwamuzi akaletewa kamera. Akatafuta, akatafuta, akaipata. "Namba ipo," akasema. "417 imepita kituo cha tatu, tena imekutangulia, mama. Ni wewe huyu?" akamgeuzia mama mkwe kioo cha kamera.

Mimi nilikuwa karibu na jukwaa. Niliona mama mkwe anavyoitazama ile picha. Anaona mtu ameinama, kofia imefunika uso, namba yake kifuani, na huyo mtu si yeye. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama mkwe hakupita kituo cha tatu. Angekuwa amepita, asingeshangaa hivyo kujiona.

Kisha macho yake yakatua kwenye mkono wa kushoto wa jaketi, kwenye lile doa la oili. Akayainua polepole, akayatembeza kwenye umati, mpaka yakanikuta mimi, katikati ya watu waliovaa vesti, nimefungwa zipu hadi kidevuni kwenye jua la kukausha mahindi.

Tulielewana bila neno. Yeye akajua mimi ni nani, na mimi nikajua yeye ni nani. Nusura nicheke.

"Ndiyo, ni mimi," mama mkwe akasema.

"Mbona hapa umevaa jaketi, na umefika huna?" mwamuzi akauliza.

"Nilisikia joto, nikalivua, nikampa mkwe wangu anishikie. Si huyo hapo kalivaa?"

Mkwe wangu. Mbele ya spika, mbele ya shangazi wote wa mchumba wangu, mbele ya mji. Neno nililolikimbilia tangu duka la kona. Mshereheshaji naye hakujua kunyamaza, akadaka kipaza sauti akatangaza kwamba kumbe leo tunaye hata bibi harusi. Watu wakapiga vigelegele. Mchumba wangu alikuwa amenishika mkono, na nilihisi mkono wake umekuwa baridi, nikadhani ni furaha.

Mwamuzi akanigeukia akaniuliza kama ni kweli, jaketi ni la mama.

Wenzangu, mkitaka kunitukana, tukaneni hapa. Nilitikisa kichwa kukubali.

Nilisikia raha ya ajabu, raha ya mtu aliyeanguka kutoka ghorofani akadondokea kwenye godoro. Namba yangu ya takataka ilikuwa imemwokoa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameniokoa mimi. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nahesabu vitambaa tena, nilikuwa nachagua wimbo wa kuingilia ukumbini.

Kisha mkunga akapanda jukwaani.

Alimwendea mama mkwe, akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwenzangu," akasema. "Nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Labda macho yangu yamezeeka. Kila mwaka huwa nasema nimekuona nyuma, na kila mwaka unakuwa mbele. Sitakimbia tena, nisije nikamsingizia mtu mwingine."

Mama mkwe akamwambia yamekwisha. Mkunga akageuka kushuka, anashika kamba ya jukwaa kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa leo kwamba haoni vizuri.

Raha yote ikanikauka. Nilijionea aibu. Yule mama alikuwa ameona sawasawa. Macho yake hayakuwa na kasoro hata ndogo, na mimi, kwa kutikisa kichwa tu, nilikuwa nimemfanya asiyaamini. Nilisema hakuna ninayemdhuru, kumbe mtu mwenyewe alikuwa hapa, anatafuta ngazi kwa mguu.

Nilipanda kabla akili haijanikataza. Mama mkwe aliniona nakuja, akanikonyeza nirudi, akaniita mwanangu, akaniambia twende tukapige picha. Nikashika zipu, nikaishusha mpaka chini.

417 na 417, bega kwa bega.

Vigelegele vilikatika. Mshereheshaji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakikutoka kitu.

"Aliyepita kituo cha tatu ni mimi," nikamwambia mwamuzi. "Jaketi ni la mchumba wangu. Namba hii niliiokota kwenye gunia la takataka kazini. Sikujua kama ina mwenyewe. Sikujisajili." Nikamgeukia mkunga. "Mama, macho yako ni mazima. Mimi ndiye niliyeharibu."

Mama mkwe hakupoteza hata pumzi moja. "Ameiba namba yangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Mnamwona? Mimi kituo cha tatu nilipita, kamera haikunipata kwa sababu yake. Na huyu hataingia kwangu, leo wala kesho."

Basi harusi ikaenda hivyo, nikiwa nimesimama na fulana iliyolowa. Lakini nilipumua, na upepo uliponipiga kifuani ulinifaa sana, nikaona bora nilie nikiwa sina joto.

Mwamuzi akakuna kidevu. Picha ni moja, namba ni mbili, na kila mmoja anasema lake. Akauliza umati kama kuna aliyemwona mama huyu kwenye kituo cha tatu.

"Hakupita."

Mchumba wangu alikuwa amepanda jukwaani bila mimi kumwona. Hakunitazama mimi wala mama yake. Alimtazama mkunga, na alipozungumza alizungumza na yeye peke yake.

"Nisamehe, mama. Nilimpakia kwenye pikipiki nyuma ya maghala, nikamshusha kwenye ukuta wa uwanja. Magoti yake yanamuuma, na mimi sijui kumkatalia."

Mkunga aliiachia kamba ya jukwaa, akamsogelea.

"Mwaka huu?" akamuuliza, taratibu, kama anavyouliza mtu aliyekupokea duniani.

Mchumba wangu, mwenye moyo usio na doa, akainamisha kichwa.

"Miaka yote, mama."

Nilitaka kumtazama usoni, lakini sikupata nafasi. Mama mkwe alikuwa anakuja upande wetu. Kikombe amekishika kwa sikio lake moja, amekiinua juu ya bega, na hakuwa anakuja kumkabidhi mtu.